Jinsi ya kuchagua safari ya mlima Uganda kwa bei nafuu, mmoja akiwa mzoefu na mwenzake mgeni

Wawili wanaopanga likizo ya mlimani huanza kwa kuulizana wapande mlima upi. Kama mmoja wenu amezoea kupanda na mwenzake hajawahi kutembea siku nzima akielekea juu, anzeni kwa swali jingine: mtalala wapi? Tafuteni mahali ambapo mnaweza kulala mara mbili mfululizo, na ambapo asubuhi ya siku ya katikati kuna njia mbili, moja ndefu na moja fupi, zote zikirudi palepale. Safari ya namna hiyo humpa mzoefu kilele chake, humpa mgeni siku nzuri isiyomvunja mwili, na mara nyingi gharama yake ni ndogo kuliko ile ya kuvuka mlima kutoka upande mmoja hadi wa pili. Uganda ina sehemu kadhaa za aina hii, kuanzia Sipi hadi Mgahinga. Hata Rwenzori, kwenye barafu, jambo hili linawezekana mkilipanga kabla ya kulipa.

Pimeni tofauti yenu kwanza

Msikadirie kwa macho. Anayekimbia kila asubuhi Kololo, Kampala, anaweza kushangazwa na ngazi, na anayeuza sokoni akisimama kutwa anaweza kuwa na miguu imara kuliko anavyodhani mwenzake.

Tafuteni jengo lenye ghorofa tano. Kutoka chini hadi ghorofa ya tano ni kama mita 15 za kupanda, hivyo kupanda mara 20 ni kama mita 300. Kila mmoja abebe kilo 5 mgongoni (chupa za maji zinatosha), apande kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza bila kukatika pumzi, ashuke, apande tena hadi amalize. Fanyeni kila mmoja peke yake na saa yake. Mkipanda pamoja, mwenye kasi humvuta mwenzake na kipimo kinaharibika.

Mmoja akitumia saa moja na mwenzake saa moja na dakika 10 au 15, tofauti hiyo mnaweza kuiziba kwa mzigo: mwenye nguvu abebe kilo 8 au 9, mwenzake abebe maji yake na koti la mvua tu. Lakini mmoja akitumia saa moja na mwingine saa moja na nusu au zaidi, msinunue safari ambayo kila siku mnahama kambi. Siku ya saa 6 kwa mwenye kasi itakuwa ya saa 9 kwa mwenzake. Mkiondoka saa mbili asubuhi, yeye atafika saa kumi na moja jioni akiwa amelowa, kwa sababu mvua ya milimani hupenda kunyesha mchana. Kesho yake ataamka kachoka na siku ya pili itakuwa ndefu zaidi. Hivyo ndivyo safari nyingi za wawili zinavyovunjika, na ni siku ya pili au ya tatu, si ya kwanza.

Siku mbili baada ya zoezi, ulizaneni kuhusu magoti na mapaja. Maumivu yakiwa makali, shida ya mtu huyo ni kushuka, na mlima wenye mteremko mkali kama Muhavura utamtesa hata kama alipanda vizuri.

Mambo matatu hayaonekani kwenye ngazi za ghorofa. La kwanza ni hofu ya kimo: mtu mwenye nguvu kabisa anaweza kuganda kwenye ngazi za mbao zilizoegemezwa kwenye mwamba. Ulizaneni wazi kabla ya kuchagua mlima Sabinyo, au njia iitwayo Sasa kwenye Mlima Elgon. La pili ni mwinuko. Hewa ikipungua, mwili wa mkimbiaji hauna kinga zaidi kuliko wa mtu mwingine, na mara nyingi mwenye nguvu ndiye anayeugua kwa sababu alikwenda mbio. La tatu ni damu. Mwenye ugonjwa wa seli mundu asilale juu ya mita 2,500 bila idhini ya daktari anayemjua, na hata mwenye kurithi upande mmoja tu anaweza kupata maumivu makali ya wengu kwenye mwinuko mkubwa. Kipimo ni cha damu tu, pimeni kabla ya kulipa chochote. Mwenye pumu, shinikizo la damu au ujauzito naye amwone daktari kwanza.

Mahali pa kwenda, kuanzia pa bei ya chini

Kwa wikendi moja na pesa kidogo, Sipi ni chaguo zuri kuliko watu wengi wanavyofikiri. Iko kwenye mteremko wa Mlima Elgon, wilaya ya Kapchorwa, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na barabara kutoka Mbale ni ya lami. Maporomoko ni matatu, na lile refu huanguka karibu mita 100. Yako nje ya hifadhi, kwa hiyo hamlipi kiingilio cha mbuga. Mnalipa mwongozaji wa kijijini pamoja na ada ndogo kwa wenye mashamba mnakopita. Hakikisheni ada hizo zimo ndani ya bei ya mwongozaji, la sivyo mtazilipa moja moja njiani. Mzoefu azunguke maporomoko yote matatu, au ashuke kwa kamba pembeni mwa poromoko kubwa na watu wanaofanya kazi hiyo pale. Mwenzake anaweza kuishia poromoko moja na kurudi kula mchana.

Karibu na hapo, kituo cha misitu cha Kapkwai ndani ya hifadhi ya Mlima Elgon kina njia za mzunguko za kilomita 3, 5 na 7, zote zikianza na kuishia pamoja. Hakuna mahali Uganda panapowafaa wawili wenye tofauti kubwa kama hapa. Msiopenda mahema mnaweza kulala Sipi na kupanda bodaboda asubuhi.

Hifadhi ya Mgahinga, karibu na mji wa Kisoro, ni hatua inayofuata, na kwa maoni yetu ndiyo thamani bora ya pesa kwa mzoefu anayetaka kilele cha kweli bila kumburuta mwenzake siku nne. Milima ni mitatu: Gahinga wenye mita 3,474, Sabinyo mita 3,669 na Muhavura mita 4,127. Kila mmoja hupandwa na kushukwa kwa siku moja, kwa hiyo hamhitaji hema, wapagazi wala mpishi. Mnalala kitanda kilekile Kisoro au karibu na lango la Ntebeko, kama kilomita 14 kutoka mjini.

Gahinga na Sabinyo huanzia Ntebeko. Mpango rahisi ni kuondoka pamoja alfajiri na kuachana hapo langoni: mgeni achukue Gahinga, ya kama saa 6 kwenda na kurudi, inayopita kwenye mianzi hadi kasoko yenye kinamasi juu. Mzoefu achukue Sabinyo, ya kama saa 8, yenye vilele vitatu vinavyofuatana kwa ngazi za mbao. Cha tatu ndipo mipaka ya Uganda, Rwanda na Kongo inapokutana. Uzuri wa Sabinyo ni kwamba mtu anaweza kuishia kilele cha kwanza au cha pili na bado akawa amepanda mlima. Mgeni ambaye Gahinga ni nyingi kwake ana njia fupi ya korongo la Sabinyo, au matembezi pamoja na Wabatwa walioujua msitu huu kabla haujawa hifadhi.

Muhavura tunaupendekeza kwa mzoefu peke yake, na siku tofauti. Njia yake huanzia kituo kingine, hivyo hesabuni usafiri wa pili. Ni mteremko mkali usiopumzika, na mtu anatoka Kisoro iliyo karibu mita 1,900 hadi juu ya mita 4,100 kwa asubuhi moja. Kichwa kuuma ni kawaida. Kinachookoa ni kwamba anashuka siku hiyohiyo.

Shida kubwa ya Mgahinga ni safari yenyewe ya kufika. Kutoka Kampala hadi Kisoro kwa basi kupitia Mbarara na Kabale ni saa kumi hivi. Mkiwa na siku tatu tu za likizo, mbili zitaishia barabarani. Nendeni Sipi.

Elgon kwa siku nne

Mkitaka kulala mlimani kweli, njia ya Sasa kutoka Budadiri ndiyo inayoafikiana na kanuni ya kambi moja. Siku ya kwanza mnapanda hadi kambi ya Mto Sasa, mita 2,900. Siku ya pili mnafika kambi ya pango la Mude, mita 3,500, baada ya saa nne au tano. Hapo mnalala mara mbili. Siku ya tatu mzoefu huondoka gizani kwenda Wagagai, mita 4,321, na kurudi baada ya saa 8 au 9. Mwenzake anatoka jua likishapasha, anatembea kuelekea upande wa kilele cha Jackson katikati ya mimea ya lobelia na senesio mikubwa kuliko mtu, na anageuka pale anapochoka. Kwenda hadi Jackson na kurudi ni kama saa 5, lakini hakuna anayelazimika kufika. Siku ya nne mnashuka.

Siku ngumu kwa mgeni ni ile ya kwanza. Budadiri iko kwenye mita 1,250 na kambi kwenye 2,900: hizo ni mita 1,650 za kupanda, mara tano na nusu ya zoezi la ghorofa, na njiani kuna ngazi kwenye magenge ya Mudangi. Kodini gari au bodaboda hadi Bumasola ili mkate sehemu ya chini inayopita mashambani. Pesa hiyo ndogo ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko yoyote mtakayotumia kwenye safari hii, kwa sababu humfikisha mgeni kambini na nguvu za kesho. Asipande na zaidi ya kilo 3 siku hiyo, hata kama ni lazima kuongeza mpagazi mmoja kwa siku ya kwanza na ya mwisho.

Njia ya Piswa, inayoanzia Kapkwata, ni ya taratibu zaidi na hivyo huonekana inamfaa mgeni. Ni kweli kwa miguu, lakini ni ndefu, na kila siku ya ziada ni malipo ya ziada. Kuunganisha Sasa na Piswa kwa siku sita, au Sasa na Sipi kwa siku saba, ni safari nzuri kwa wawili wanaolingana. Kwenu ninyi, kila siku ya kuhama kambi ni siku ya mmoja kumsubiri mwenzake.

Kambi za Elgon ni za mahema. Usiku kwenye mita 3,500 baridi hukaribia kuganda, na hema jepesi la pwani halitoshi.

Rwenzori, mkiwa na siku na fedha zaidi

Rwenzori ndiyo sehemu pekee Uganda yenye barafu ya kudumu, na ndiyo ghali kuliko zote. Kinachoongeza bei ni siku, wapagazi na vifaa vya barafu. Usiwe mlima wenu wa kwanza pamoja kama zoezi la ghorofa lilionyesha tofauti kubwa.

Kuna safari fupi inayouzwa sana kwa wageni, mzunguko wa Ziwa Mahoma wa siku tatu kutoka Nyakalengija. Mwinuko wake si mkubwa, na kwa mgeni mwenye miguu mizuri inafaa. Ila ni mzunguko: mkishapita nusu, kurudi nyuma ni mbali sawa na kuendelea, na mzoefu hana pa kwenda zaidi.

Tunaona njia ya Kilembe inawafaa zaidi. Lalani kambi ya Sine, mita 2,596, kisha kambi ya Mutinda, karibu mita 3,600, mara mbili, kisha mrudi Sine na kutoka siku ya tano. Siku ya katikati mzoefu anapanda Mutinda Lookout, mita 3,975, na mwenzake anaweza kwenda naye hadi pale mwamba unapokuwa mkali. Kutoka Sine hadi Mutinda ni karibu mita 1,000 kwa siku moja, nyingi kuliko inavyoshauriwa kwa mwili usiozoea mwinuko. Katikati kuna kambi ya Kalalama, juu kidogo ya mita 3,100. Mwambieni mwongozaji kabla ya kuondoka kwamba mnaweza kuishia na kulala hapo, ili chakula na wapagazi wapangwe hivyo.

Matope ya Rwenzori yanataka gambuti, si buti za mlimani. Kwenye vinamasi vya juu mguu huzama hadi chini ya goti, na unakanyaga mafundo ya nyasi na magogo yanayoteleza. Hapa tofauti kati yenu huongezeka: mzoefu anaruka, mgeni anapima kila hatua. Mkongojo mmoja hautoshi kwa mgeni, mpeni miwili.

Je, mzoefu anaweza kufika kilele cha Margherita, mita 5,109, bila mwenzake kupanda barafu? Ndiyo, na bila kutengana zaidi ya usiku mmoja. Kwenye njia ya Kilembe, wote wawili mnafika kambi ya Hunwick, karibu mita 3,970. Mzoefu anaendelea hadi kambi ya Margherita, mita 4,485, analala, anaondoka saa nane au tisa usiku, anafika kileleni na kurudi Hunwick mchana au jioni. Mwenzake anabaki Hunwick na mpishi pamoja na mwongozaji wa pili. Kwenye mzunguko wa kati kutoka Nyakalengija, mnaachana kambi ya Bujuku: mzoefu anapanda kambi ya Elena, mita 4,541, na mwenzake anavuka kipito cha mlimani cha Scott Elliot, mita 4,372, kwenda kusubiri kambi ya Kitandara kando ya ziwa. Mpango wa pili unamtaka mgeni avuke kipito kingine, Freshfield, mita 4,282, siku inayofuata. Kwa hiyo ni wa mgeni mwenye nguvu ambaye hataki barafu tu, si wa aliyechoka.

Barafu ya Rwenzori imepungua sana tangu Duke wa Abruzzi alipofika Margherita mwaka 1906. Ilikuwa kama kilomita za mraba 6.5 na sasa haifiki hata moja. Kwa mpandaji maana yake ni kwamba njia hubadilika: palipokuwa na mteremko wa barafu pana mwamba ulio wazi, na barafu iliyobaki huwa ngumu na yenye nyufa. Ulizeni hali ya njia ya mwezi huu, na mzoefu asiyewahi kuvaa meno ya chuma chini ya buti afundishwe kabla ya usiku wa kilele, si juu ya barafu gizani.

Hesabu ya pesa

Gawanyeni bei yoyote mnayopewa katika mafungu mawili. Fungu la kundi halibadiliki mkiwa wawili au wanne: mwongozaji, mpishi, gari hadi mwanzo wa njia. Fungu la kichwa hulipwa na kila mtu kwa kila siku: kiingilio cha hifadhi, wapagazi, chakula, kitanda au eneo la hema. Mkishaona mafungu hayo mtagundua kwamba kubishana juu ya bei ya mwongozaji huokoa kidogo, na kupunguza siku moja huokoa mengi, kwa sababu siku hukata mafungu yote mawili.

Viingilio vya hifadhi hupangwa kwa uraia. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, tena kiasi kidogo sana kuliko mgeni wa nje anayelipa kwa dola, na raia wa nje anayeishi nchini yuko katikati. Bebeni vitambulisho vya taifa au pasipoti halisi, si picha kwenye simu. Mmoja wenu akiwa raia wa nchi ya nje ya jumuiya, pigeni hesabu yake peke yake kabla ya kuchagua idadi ya siku. Mara nyingi ndiye anayeamua bajeti.

Mtashauriwa kujiunga na kundi jingine ili mgawane fungu la kundi. Kwa wawili wanaolingana ni ushauri mzuri. Kwenu ni hatari, kwa sababu mwendo utawekwa na watu msiowajua, na mgeni atajikuta nyuma ya watu wanne badala ya mmoja. Kujiunga kunafaa sehemu moja tu: mzoefu ajiunge na kundi la kilele kwa siku hiyo ya katikati, ili msilipe mwongozaji wa pili siku zote.

Ombeni bei kwa maandishi, na iseme wazi kama inajumuisha kiingilio, idadi ya wapagazi na kilo wanazobeba, chakula cha wapagazi wenyewe, gari la kwenda na kurudi, na vifaa vya kukodi. Kinachosahaulika sana ni gari la kurudi na ukodishaji wa meno ya chuma, mkanda wa kamba na shoka la barafu. Ada ya hifadhi ilipwe kwa mamlaka yenyewe na risiti iwe na majina yenu. Mtu anayetaka pesa zote taslimu kwenye kituo cha basi Kasese au Mbale, mwacheni aende zake.

Msimu unaathiri bei na pia miguu. Kuanzia katikati ya Desemba hadi Februari, na kuanzia Juni hadi Agosti, njia huwa kavu zaidi, ingawa Rwenzori hunyesha mwezi wowote. Mgeni asipelekwe Elgon au Rwenzori mwezi wa Aprili kwa sababu tu bei ni ya chini. Matope huongeza saa za kutembea, na mgeni ndiye mwenye saa chache za akiba.

Mwongozaji wa pili

Hili ndilo kosa linaloharibu mipango mingi iliyokuwa mizuri kwenye karatasi. Ndani ya hifadhi hamruhusiwi kutembea bila mwongozaji au askari wa wanyamapori. Mkiwa na mmoja tu, hamwezi kuachana. Mzoefu akitaka kuendelea na mwenzake akitaka kurudi, wote wawili mtarudi, na siku ya kilele mliyoilipia itapotea. Semeni mapema: “Siku ya tatu tutagawanyika, tunahitaji waongozaji wawili siku hiyo.” Mkikubaliana kabla, gharama ni ya siku moja. Mkiomba mlimani, hakuna wa kumwita.

Muulizeni pia mwongozaji atakayebaki na mgeni anazungumza lugha gani. Kasese na Mbale wengi wanajua Kiswahili kidogo au kingi, lakini mtu anayeumwa kichwa usiku anahitaji kueleweka bila kutafuta maneno.

Vifaa bila kununua duka zima

Owino na masoko mengine ya mitumba Kampala yana makoti ya mvua, sweta za manyoya na mifuko ya kulalia kwa bei ndogo kuliko ya dukani. Koti lijaribuni kwa maji: mwagieni glasi moja begani na lisuguweni, upande wa ndani ukilowa rudisheni. Mfuko wa kulalia wa Elgon na Rwenzori uwe wa kuhimili baridi chini ya sifuri. Msinunue pamba kwa nguo za kugusa mwili. Pamba ikilowa jasho haikauki, na anayekwenda polepole hupoa haraka zaidi.

Gambuti zinunuliwe saizi moja zaidi, zivaliwe na soksi mbili, na zitembewe kilomita 10 nyumbani kabla ya safari. Malengelenge ya siku ya kwanza yanatokana na kiatu kipya karibu kila mara. Kila mtu awe na taa yake ya kichwa na betri za akiba, kwa kuwa mtakuwa sehemu mbili tofauti. Mgawane pia dawa, maji na chakula hivyohivyo: msiweke karanga na chapati zote kwenye begi la mmoja.

Njiani

Mgeni atembee nyuma ya mwongozaji moja kwa moja, na mzoefu awe wa mwisho. Hapo mwendo unawekwa na mgeni na hakuna anayeachwa. Mkipumzika, mapumziko yahesabiwe tangu wa mwisho alipofika. Kosa la kawaida ni mzoefu kusubiri dakika kumi, mwenzake akafika, na wote wakaondoka. Aliyechoka zaidi ndiye hakupumzika kabisa. Naye anayesubiri avae koti kabla jasho halijapoa.

Juu ya mita 3,000 msipandishe kimo cha kulala kwa zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku, inapowezekana. Kichwa kikiuma pamoja na kichefuchefu, kukosa hamu ya kula au kizunguzungu, ni ugonjwa wa mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo. Msipande zaidi siku hiyo. Hali isipotulia, shukeni. Anayeyumba akitembea kwenye mstari ulionyooka kisigino kwa kidole, anayechanganyikiwa, au anayetweta akiwa amekaa, ashushwe mara moja hata kama ni usiku, na asishuke peke yake. Kwenye milima hii uokoaji ni machela na mabega ya watu, kwa hiyo saa mbili za kusitasita juu huwa saa nyingi za kubebwa. Dawa ya acetazolamide husaidia kuzuia, kwa kawaida miligramu 125 mara mbili kwa siku kuanzia siku moja kabla ya kupanda, lakini daktari aiandike, kwa sababu wengine wana mzio nayo. Dawa za maumivu zisitumike kuficha kichwa ili mtu aendelee kupanda.

Kubalianeni nyumbani saa ya kugeuka ya mzoefu, kwa mfano saa saba mchana kwa Wagagai, na mwongozaji wake aijue. Mwenzake aliye kambini hatakuwa na simu ya kumfikia, na saa inayojulikana humwondolea mchana mzima wa wasiwasi.

Siku ya kushuka msikate tiketi ya basi la usiku. Mgeni akishuka Sasa au Kilembe polepole mtafika chini jioni, na basi lililokwisha lipiwa humfanya kila mtu aharakishe kwenye sehemu yenye utelezi, magoti yakiwa yamechoka. Lalani Budadiri au Kasese, na mpande basi la asubuhi.